Taa ya Mashua ya Mjomba

Jamani msinicheke.

Mjomba Chacha alipotelea ziwani kwa sababu taa ya mashua ilimaliza betri, dhoruba ikaja, injini ikakataa kuwaka.

Baada ya msiba tukatenganisha betri: moja ya starta, nyingine ya taa tu.

Hiyo ya taa nimeipeleka kuchajiwa Tarime, kwa fundi jirani na boma la Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya.

Leo tukiwa ziwani upepo ukakata, tanga likalala. Nikabonyeza starta, injini ikawaka palepale. Nikashangilia!

Bhoke, mjane wa mjomba, akanishika bega. "Mbona taa inawaka?"

Nikachungulia. Nyaya zinaning'inia, betri hakuna.

Bhoke akaiambia taa, taratibu, kwa jina alilozoea kumwitia mumewe, "Baba Marwa, injini imewaka. Kapumzike."

Ikazimika.

Betri bado iko kwa fundi. Nani atanisindikiza kuirudisha mashuani?