Kanda ya Theresia

Upande ule wa Mbinga, mtu wa kwanza kubeba kamera ya video begani alikuwa mwanamke, na watu walimcheka mpaka wakachoka. Vitalia alizaliwa Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa, akaolewa Mbuji, huko kwenye kahawa. Mwaka 1999 aliuza kahawa ya msimu mzima, yake mwenyewe na si ya mumewe, akanunua kamera ya mtawa mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Wanaume kilabuni wakasema Cuthbert kaoa mpiga picha badala ya mke. Cuthbert akanyamaza. Huo ndio msaada pekee aliowahi kumpa.

Alianza na harusi na vipaimara. Kisha akajisemea, mbona asitengeneze filamu? Akaandika kwenye daftari la shule hadithi ya mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji, akawakusanya akina mama wenzake wa jumuiya, na mjane akawa Theresia, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa bado anaishi Mbaha. Theresia alikuwa na mdomo! Akisema neno, watu walicheka au walilia, kadiri alivyotaka yeye. Walirekodi wiki tatu huko ufukweni, katikati ya kuanika usipa, dagaa wa ziwa lile, na kupalilia mihogo.

Filamu ilizungushwa kwenye madarasa ya shule kwa televisheni na jenereta ya Raimundi, mfanyabiashara wa mjini. Kijijini Kingerikiti watu walijaa mpaka madirishani, wanawake wakalia waziwazi, na mzee mmoja aliyekuwa na shamba la mjane wa kaka yake akatoka nje kwa hasira. Mtunzi gani hataki sifa kama hiyo? Lakini kwenye kasha la kanda Raimundi aliandika jina lake peke yake. Vitalia alipolalamika, akajibiwa, "Mama, kwani jenereta ni ya nani?" Baadaye jamaa akachukua nakala yake akarekodia mpira juu yake. Mungu amsamehe, maana mimi bado.

Ikabaki kanda moja tu, ya Vitalia, ileile aliyorekodia ufukweni. Na mwaka uliofuata Theresia akafa kwa homa ya siku tatu, akaacha binti ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, Celestina. Vitalia akamchukua kumlea Mbuji. Kwa mtoto yule, mama alikuwa picha moja ndogo ya kitambulisho, kakunja uso utadhani anasubiri sindano. Kila alipouliza, Vitalia alimwambia, "Siku ya sendofu yako utamwona anatembea, utamsikia anaongea. Nimekuwekea."

Hakuthubutu kuichezesha kabla ya siku hiyo, kwa sababu deki za wakati ule zilikuwa zinatafuna kanda. Akaiweka pale mama mkwe wake alipomfundisha kuweka kitu kisichotakiwa kupotea: darini mwa jiko, juu kabisa ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Pale moshi hufukuza fukusi na panya, na unyevu wa milimani haufiki. Aliifunga kwa kanga ya marehemu. Miaka ishirini na minne akapika ugali chini yake, roho imetulia.

Mwaka huu Celestina akapata mchumba, na sendofu ya kumuaga ikapangwa. Vitalia akaipeleka kanda Songea kwa Ladislaus, fundi anayehamishia kanda za zamani kwenye flashi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mdogo wangu," alisema huku anacheka.

Ladislaus akafungua kanga. Kasha lilikuwa limepinda kwa joto. Ndani, utepe ulikuwa umegandana, mweusi wa masizi, unanata kama ulimbo.

"Mama, hii ilikaa wapi?"

"Darini, juu ya moto. Pakavu kabisa! Mbegu zangu hazijawahi kuharibika pale."

Fundi akainamisha kichwa. "Mama," alisema polepole, "kanda si mahindi."

Vitalia akakaa chini, sakafuni palepale, mbele ya wateja. Nani angemwambia? Wote waliojua mambo ya kamera walikuwa wanamcheka. Aliitunza kwa akili yake yote, na akili hiyohiyo ndiyo iliyoiunguza. Alilia kuliko alivyolia siku ya mazishi, kwa sababu siku ile alijua kuna kitu cha Theresia kimebaki.

Ladislaus alihangaika na ule utepe siku nne. Akapata sekunde kumi na moja.

Vitalia alipomweleza Celestina, walikuwa jikoni, wanachambua maharage. Binti hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hata kidogo, mama mkubwa?"

Vitalia akampa simu yenye zile sekunde kumi na moja. Kwanza ikaja michirizi. Halafu ufukwe wa Mbaha, na Theresia kasimama na gauni la bluu, anajifuta mikono kwenye kanga. Akageuka, akaitazama kamera. Uso ukafunguka, akavuta pumzi, akafumbua mdomo.

"Nyamaza kwanza, Theresia! Bado!"

Ilikuwa sauti ya Vitalia, nyuma ya kamera. Theresia akafumba mdomo, kwa utii. Picha ikakatika.

Celestina akairudia, akairudia tena. "Mama mkubwa, alikuwa anataka kusema nini?"

Vitalia alilijua daftari lile lote kwa moyo, kila neno la mjane. Lakini pale walikuwa hawajaanza kuigiza. Theresia alikuwa anataka kusema jambo lake mwenyewe.

"Sijui, mwanangu. Sikumuuliza."

Celestina akabonyeza tena, na sauti ya Vitalia ikasikika tena pale jikoni, ikimwambia marehemu anyamaze.