Kisu cha Mkono Mmoja

Wekoye alikuwa mtu wa Bungoma, lakini kwa miaka kumi na minne alikuwa akichunga ng'ombe wa maziwa katika shamba la Mzungu kule Endebess. Mkewe Nasambu alikuwa ameshafariki, na binti yake wa pekee, Lenah, alikuwa ameolewa huko nyumbani. Kisha mwaka wa 1949 mashine ya kupukuchua mahindi ikamkata vidole vinne vya mkono wa kushoto.

Alijifunza upya kufunga vifungo, kuwasha kiberiti, hata kukamua. Kilichomshinda ni kisu chake cha kukunja. Asubuhi moja ndama alijisokota kamba shingoni kule malishoni, ikaanza kumnyonga. Wekoye alikibana kisu kati ya magoti, akauvuta ubapa kwa meno hadi ufizi ukatoka damu. Hakikufunguka. Akaita, asiitikiwe na mtu. Ndama akafa akimtazama.

Jumamosi iliyofuata akatembea hadi Kitale, dukani kwa Lalit. Mhindi huyo akampangia visu kwenye kaunta.

"Hii ya mfupa ni nzuri sana. Wazungu wote nachukua hii."

Wekoye akajaribu. Kilikuwa kigumu kama kile cha zamani.

"Lete, mimi nakufungulia," Lalit akasema.

"Leo utanifungulia, bwana. Na kesho kule malishoni?"

Lalit akautazama ule mkono. Akaingia ndani, akarudi na kisu kidogo cha mpini wa mti, kilichokaa sana bila mnunuzi. Ubapa wake ulichomoza kidogo juu ya mpini. Akakitia tone la mafuta ya cherehani. Wekoye akausukuma ubapa kwa gumba la kulia, ukafunguka. Akaufungia pajani. Akarudia mara tano, sita, wateja wengine wakisubiri, na Lalit hakumharakisha.

Desemba akapewa likizo, akaenda Bungoma. Lenah akaleta viazi vitamu vilivyochemshwa, akaketi, akaanza kummenyea baba yake.

"Wacha, mama," Wekoye akasema kwa furaha. Akatoa kisu, akakifungua, akakibana kiazi kwa kigutu na kukimenya chote. Alitazamia binti yake acheke.

Lenah akakirudisha sahanini kiazi alichokuwa ameshika. "Siku hizi huhitaji mtu, baba."

Wekoye akakifungia kisu pajani. Miezi mingi alikuwa amezungumza na ng'ombe tu.

"Kule hakuna mtu, Lenah," akasema. "Ningefanya nini?"

Lenah akasogeza kigoda chake karibu na cha baba yake, akamenya kiazi kingine, akampa. Safari hii Wekoye akakipokea.

Likizo ilikuwa ya siku nne. Ya tano alfajiri Lenah alimsindikiza hadi barabarani, akasimama pale mpaka baba yake akapotea kwenye kona.