Kiti Nambari Kumi na Nne

Wallahi sikuongezei wala sikupunguzii. Mke wangu Zuhura yu hai, muulize.

Tangu mapinduzi yatutoe Unguja nikafika London, ugonjwa wangu ni viti. Si viti vyovyote: vile vya Denmark na Norway, ambavyo msanifu aliyechora jengo la umma alivichora mwenyewe kwa ajili ya jengo lile tu. Jengo likivunjwa, vinauzwa. Zuhura akinicheka: "Nyumba ya watu watatu, viti kumi na saba. Unamngoja nani?"

Siku moja nilileta kimoja cha mahakama ya Norway, cha ukumbi wa kungojea kuitwa. Ngozi nyeusi, na chini yake kibati: 14. Ilikuwa saa kumi jioni, msimu wa baridi, kiza kimeshaingia mtaani kwetu Thamesmead. Mlango ukagongwa.

Mzee wa Kizungu, koti refu, kofia mkononi. Hakusalimu. Alikitazama kiti tu. Nami, kwa mazoea ya kwetu, nikasema: "Karibu kiti."

Kwa Kiswahili, unaniamini? Naye akaelewa. "Ahsante," akajibu, Kiswahili safi cha mjini. "Nimesimama sana. Hakuna aliyeniambia kaa."

Akaketi. Nikatia komeo mlangoni, nikaenda kumtilia chai. Kurudi, hayupo, na komeo liko vilevile. Lakini ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea, na ina joto. Niliogopa.

Haijainuka mpaka leo. Nilikiuza mara mbili, mara mbili nikakikuta kimeachwa mlangoni. Salma, binti yetu wa miaka sita, akagoma kuingia sebuleni. "Daddy, tell him to go," akilia. Zuhura akanisihi niseme neno moja tu, toka. Lakini mgeni niliyemkaribisha kwa mdomo wangu nimfukuzeje? Huondoka kwa kuaga, na yule hakuaga. Nikaona haya. Haya, mbele ya mtoto anayetetemeka! Zuhura akamchukua Salma, wakahamia Stratford kwa dada yake.

Nilipobaki peke yangu ndipo nikamwambia toka. Kiti kikajibu kwa upole: "Bado sijaitwa."

Idi iliyopita Salma alikuja, akasimama mlangoni. Kwa furaha mdomo ukanitangulia tena: "Karibu kiti, mwanangu."

"Daddy, why did you say that?" akasema, akarudi nyuma. Hakuwa akinitazama mimi. Kando ya kile cha kumi na nne, kiti cha pili kilikuwa kinabonyea taratibu.

Salma hajaja tena. Basi nawe, ukinunua kiti cha watu, ukagongewa mlango, uliza kwanza ni nani. Mimi siku hizi nakula nimesimama.