Sauti Iliyonikataza Kula

Assalaam alaykum, wazazi. Naitwa Anziza. Nitazungumza huku nikiangalia meza, msidhani nimewadharau. Nikiwatazama usoni maneno hunipotea. Mmeniomba niwaeleze yaliyonipata utotoni, kwa sababu baadhi yenu mna watoto wenye usonji ambao siku hizi wanasema wanasemeshwa na watu msiowaona. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Leo nakula, nalala, nafanya kazi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mengine nitakayosema ni mazito.

Nilizaliwa Mutsamudu, Komoro. Baba alikuwa karani bandarini. Mama alizaliwa hapa Unguja, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili pamoja na lugha ya kwetu. Nilichelewa kusema. Nilitembea kwa ncha za vidole. Meli ikipiga honi niliziba masikio na kulia mpaka nikatapika. Lakini nilikuwa na raha zangu. Mama alikuwa akishona kofia za kuuza, akanifundisha kuzungushia uzi vile vitundu vidogo vidogo. Ningeweza kukaa na kofia moja kutwa nzima, nikawa sitaki kitu kingine duniani. Neno usonji hatukulijua. Jirani akiuliza, Mama alijibu, "Anziza wangu ndivyo alivyo," na yakaisha.

Enzi hizo zilikuwa za mamluki. Wazungu wa kukodiwa walikuwa wameshaingia nchini, na wao pamoja na askari waliokuwa chini yao walivaa nguo nyeusi. Watu wazima wakazoea kunong'ona. Ukiingia chumbani, mazungumzo yanakatika. Mimi niliwasikia nyuma ya milango, nyuma ya mapazia, chini ya madirisha. Kwa hiyo kusikia sauti bila kuona mtu hakukunishangaza.

Nilikuwa karibu kuvunja ungo ilipoanza. Nilikuwa nashona, mwanamume akasema nyuma ya kabati, "Anziza, usile." Nikaenda kuchungulia. Nikaona ukuta. Akasema tena, "Wametia sumu." Sikumwambia mtu yeyote. Wazazi, naomba mlishike hili: sikuficha. Nilidhani kila mtu nyumbani ameisikia, na hakuna aliyeniuliza.

Nikaacha wali, nikaacha samaki, mwishowe nikaacha hata uji. Midomo ilipasuka. Nywele zilitoka mkononi Mama akinichana. Choo kilikuwa kigumu, nikiingia msalani natoka na damu. Sauti ilipozidi nilijing'ata kifundo cha mkono, maana maumivu yale angalau nilijua yanatoka wapi. Siku moja nikaijibu kwa sauti, "Sili, sili, nimesema sili!" Hapo ndipo Baba alipojua.

Akanishika mabega. "Unasema na nani?"

"Na yule."

"Yule nani? Hapa hapana mtu, Anziza! Unamwona mtu hapa?"

Sauti ikacheka. Ikasema, "Baba yako mwongo. Ndiye aliyetia sumu." Na mimi nilikuwa naisikia wazi, kama mnavyonisikia mimi sasa. Kila Baba aliposema hapana mtu, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ananidanganya. Nikaanza kumkimbia. Akiingia mlangoni najibanza chini ya kitanda. Maskini, alikuwa ananipenda, na kila neno lake lilinisukuma mbali. Kisha akawa anafunga madirisha. Alimwambia Mama, "Watu watasema mtoto huyu anapeleka maneno kwa askari. Siku hizi mtu anapotea kwa kidogo tu."

Wakanipeleka Patsy, kijiji cha juu ya mji, kwa mtu wa kupunga majini. Sina neno baya juu yake, alikuwa mpole na alitaka nipone. Lakini walinifunika shuka na kunifukizia ubani, wanawake wakanishika mikono na miguu wakiimba. Mimi kuguswa tu kunaniunguza. Moshi ulinijaa kooni, nikatapika nyongo, na sauti ikawa inaimba pamoja nao. Tuliporudi nyumbani nilikuwa sisemi kabisa. Maneno yalikuwepo kichwani, mdomo haukufunguka.

Daktari mmoja pale mjini alinichoma sindano. Jioni yake shingo ilipinda upande, ulimi ukatoka nje, mate yakawa yananichuruzika kifuani. Nilidhani nakufa. Mama alinirudisha kwake mbio, na daktari akamuuliza, "Mama Anziza, niambie ukweli. Mimba hii uliitaka?"

"Niliitaka."

"Wakati mwingine mtoto huwa hivi kwa sababu mama yake ana moyo baridi."

Mama alinifunga kitambaa kidevuni kuzuia mate, tukaenda zetu. Tangu siku hiyo akawa hanikumbatii, hata zile nyakati chache ambazo ningekubali, kwa kuogopa kwamba mapenzi yake yana kasoro. Maneno yale yalikuwa ya uongo. Leo daktari yeyote atawaambia hivyo.

Ikabaki Moroni, mji mkuu, kwenye kisiwa kingine. Baba hakupata ruhusa kazini. Alitusindikiza hadi kwenye boti, akasimama mbali nami ili nisiogope. Kule tulifikia kwa shangazi yangu, katika kijiji cha Itsandra, na kutoka kwake tulichukua teksi kwenda hospitali mjini. Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Dereva akaambiwa asimame. Mzungu mmoja mwenye nguo nyeusi akainama dirishani, na redio ya mkononi mwake ikaanza kukoroma na kutoa maneno.

Kwangu ilikuwa ni sauti ile ile, safari hii inatoka mkononi mwa mtu. Nikaziba masikio, na mdomo uliokuwa umefunga muda wote ule ukafunguka wenyewe. Nikayarudia maneno ya redio, ya Kifaransa, moja baada ya jingine, vile vile yalivyotoka. Sikujua maana yake.

Yule Mzungu akafungua mlango. Akasema jambo, na askari Mkomoro aliyekuwa naye akatafsiri: "Anauliza, nani amemfundisha huyu?"

"Hakufundishwa na mtu," Mama alisema. "Anarudia anachokisikia. Mgonjwa, bwana. Nampeleka hospitali."

"Shukeni."

Mzungu akamkamata Mama mkono. Sauti ikaniambia, "Wanamchukua." Nikajikojolea. Mkojo ulitiririka miguuni mwangu ukafika kwenye buti zake. Akatazama chini, akamwachia Mama, akarudi nyuma kwa kinyaa, akatupungia mkono tuondoke. Hicho ndicho kilichotuokoa. Teksi ilikuwa imeshaondoka.

Tulitembea kurudi Itsandra mpaka kizuizi kikapotea nyuma yetu. Mama akakaa kwenye mawe meusi kando ya barabara, akalia kwa kwikwi. Halafu akasema, bila kunishika, bila kunitazama, "Mwanangu, mimi sijui tena la kufanya. Wallahi sijui. Niambie wewe. Hiyo sauti inasema nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia sumu, nilimwambia Baba, nilimwambia kwamba inacheka. Maneno yalitoka vipande vipande, naye hakunikatiza. Hakusema hapana mtu. Hakusema pia kwamba yupo. Alisema, "Mimi siisikii. Lakini naona inakutisha. Inatisha sana, eeh?"

"Eeh."

"Basi tukae hapa kwanza."

Hatukufika hospitali siku ile. Kwa shangazi, Mama aliniletea ndizi haijamenywa na yai la kuchemsha na ganda lake. "Hiki hakuna mtu aliyekigusa ndani," alisema. "Fungua mwenyewe." Nikalikagua lile yai, nikalizungusha. Halina ufa. Nikalimenya, nikala. Shangazi alikimbilia uani ili nisimwone akilia.

Daktari tuliyempata Moroni tulipojaribu tena alizima feni kwa sababu Mama alimwambia inanisumbua. Akaniuliza maswali mafupi, moja moja, na kusubiri. Ni sauti ya mwanamume au mwanamke? Inatoka ndani ya kichwa au nje? Inakuja wakati gani? Kisha akamwambia Mama, "Hapa kuna mambo mawili. Kuna alivyozaliwa, na hilo hatuliondoi, wala halihitaji kuondolewa. Na kuna hii sauti, hiyo ndiyo inayomtesa. Tutajaribu. Siwezi kuahidi."

Mama akauliza, "Ni moyo wangu?"

"Hapana, Bi. Hapana kabisa."

Alinipa dawa ile ile iliyonipinda shingo, ila kwa kiasi kidogo sana, na kidonge cha kulegeza shingo. Ilinichukua muda mrefu. Nilinenepa, nilisinzia mchana, mikono ilitetemeka nikashindwa kushona. Sauti ilishuka ikawa kama mtu wa nyumba ya tatu. Tuliporudi Mutsamudu, dawa ilipokosekana ilikaribia tena, na Mama na Baba walikaa nami hawana la kufanya ila kukaa. Baba alijifunza kuniambia, "Mimi siisikii, lakini nakuamini unaisikia." Aliyasema kama mtu anayesoma lugha ngeni. Ilimchukua miaka kunirudisha kwake.

Haikuniacha moja kwa moja. Mama alipofariki, Mungu amrehemu, ilikuja na sauti yake hasa, na lafudhi yake ya Unguja, ikanilaumu kwamba nimemchosha mpaka akafa. Niliketi sakafuni na sanda yake haijashonwa. Binamu yangu akaniuliza kinachosemwa, nikamwambia, akakaa nami mpaka nikaweza kusimama. Nikaenda kumwosha Mama pamoja na wanawake wengine.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wazazi wangu. Na nyinyi nawaomba haya. Mtoto akinyamaza, akikataa chakula, akijiumiza, muulizeni kama anasikia kitu, hatasema mwenyewe. Msibishane na sauti, wala msiikubali. Semeni lililo kweli kwenu. Punguzeni kelele na kumshikashika. Mpelekeni kwa daktari mapema, na dawa ikimpinda shingo rudini siku hiyo hiyo. Akisema sauti inamtaka ajidhuru au amdhuru mwingine, msimwache peke yake hata kidogo. Na mtu akikwambieni ni kosa la mama, ondokeni hapo.

Kuna siku mtafanya yote hayo na msione nafuu. Nazijua siku hizo, nilikuwa ndani yake. Mtoto wenu anawaona mmekaa pale. Mimi niliwaona wangu, ila mdomo haukuweza kuwaambia. Kwa hiyo nawaambia nyinyi.