Asili Yetu Ilipimwa Saa Sita Mchana

Mimi si mtu wa kutoka. Majirani wa ploti yetu hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo, wakiniona langoni huuliza kama nyumba inaungua. Kwa hiyo jambo likinitoa ndani, tena jua likiwa kali, ujue si dogo.

Lilianza na mpwa wangu, binti wa dadangu; naishi nao. Anakimbia mita elfu kumi. Anakimbia chini chini, magoti hayapandi, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Haipendezi kutazama, lakini anawaacha nyuma wanaopendeza. Alitaka kitu kimoja tu: nafasi katika kambi ya mbio ndefu huko milimani, ambako angelishwa na kufunzwa mwaka mzima.

Habari ikaja kwamba kambi itachagua kwa vipimo. Mtaalamu atatoka Nairobi na mashine, apime kila mmoja anavyokimbia kwa asili yake, kisha awagawe mafungu mawili: wa hewani, wanaodunda kama mpira, na wa ardhini, wanaoteleza karibu na udongo. Kambi ilitaka wa ardhini. Nilicheka. Huyu wetu angekaribia udongo zaidi angeota mizizi.

Hapo elimu yangu ya fomu foo ikajiingiza.

"Abuya," akaniita, ndivyo Waborana tunavyomwita kaka wa mama, "nivae viatu gani?"

"Usivae. Wageni wakija huku kaskazini wanapenda kutuona pekupeku. Ukivaa raba watasema mji umekuharibu."

"Lakini mimi hukimbia na raba tangu darasa la sita."

"Nani ameishi miaka mingi, mimi ama wewe?"

"Wewe. Yote ndani ya nyumba."

Hata hivyo alinisikiza. Mbaya zaidi, aliwaambia wenzake. Siku ya vipimo wakimbiaji kumi na wawili walificha raba zao nyuma ya choo cha uwanja, wakajipanga miguu mitupu. Mtaalamu, nasikia, alifurahi mpaka akapiga picha.

Mimi sikwenda, nilikuwa nimelala. Nilijua mambo saa nane, binti aliporudi akitembea kwa ncha za vidole, mamake akamtia miguu kwenye beseni la maji.

Vipimo vilikuwa vya saa moja asubuhi. Ila hapa kwetu mgeni hapimi mtu kabla hajakaribishwa. Sheikh aliomba dua, pasta akaomba, mwenyekiti wa michezo akahutubia, ikaja chai na mandazi, halafu mwenyekiti akasimama tena kwa sababu kuna jambo alilisahau. Mashine ikawashwa saa sita. Ni vyuma viwili virefu vinavyolazwa sambamba, mtu akipita katikati vinasoma mguu umekaa chini muda gani na hewani muda gani. Vilitaka mahali tambarare, na penye utambarare palikuwa kipande cha lami kando ya uwanja.

Lami ya Isiolo, saa sita, bila viatu!

"Ulikimbiaje?" nikamuuliza.

"Kukimbia gani, abuya? Nilikuwa naruka kama mahindi kwa kikaango."

Karatasi yake ilisema: wa hewani. Za wenzake hivyo hivyo, zote kumi na moja. Na chini, kwa wino mzito: wakimbiaji wa eneo hili kwa asili yao ni wa hewani. Niliisoma mara tatu, nikaungua kuliko nyayo zake. Watu ambao babu zao walifuata ng'ombe kutoka hapa mpaka Kinna na kurudi, wakiburuta miguu ili wasichoke, leo asili yao imeandikwa na lami! Na aliyewavua viatu ni mimi. Hasira ya kosa lako mwenyewe hutafuta haraka mtu wa kuangukia.

"Unaenda wapi na suruali ya kulalia?" dadangu akauliza. Nilikuwa tayari kwa bodaboda.

Nilimkuta mtaalamu akikunja waya.

"Salaam aleikum. Ni wewe umesema sisi tunaruka?"

"Habari, mzee. Si mimi, ni mashine. Na mashine haidanganyi."

"Mzee ni babako. Vua viatu."

"Ati nini?"

"Viatu, na soksi. Kwenu ni wapi?"

"Nyeri."

"Basi washa, tupime asili ya watu wa baridi."

Mwenyekiti wa michezo alicheka mpaka akashika mti. Mtaalamu, nampa haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alivua. Alipiga hatua nne akaanza kudunda, ya tano akalia kwa Kikikuyu. Mashine ikamwandika wa hewani, kumshinda hata mpwa wangu.

Alivaa soksi polepole, akiitazama lami. Mwishowe akasema, "Mlete kesho saa kumi na mbili asubuhi. Na raba zake."

Kesho yake mashine ilimsoma wa ardhini, bila ubishi. Nafasi akapata.

"Na wenzake?" nikauliza.

"Gari inaondoka saa mbili, mzee."

"Na yale maneno ya chini?"

Akachukua kalamu, akaongeza: isipokuwa mmoja. Alinitazama kama mtu anayengoja ashukuriwe.

Binti alitakiwa kutia sahihi kwamba amekubali matokeo na yale maneno ya chini. Nikamkataza.

"Nikikataa, watayafuta?"

"Hawatayafuta."

"Basi nipe kalamu, abuya."

Nilinuna mpaka jioni. Nilitaka akatae kwa niaba ya watu wote, mimi ambaye sina hata pahali pa kwenda. Aliondoka Jumatatu, dadangu akilia na kusema ni vumbi limemwingia machoni.

Wale kumi na moja wako hapa. Mmoja wao, aliyekuwa akimfukuza mpwa wangu kilomita kwa kilomita bila kuhema, ameacha mbio ndefu. Siku hizi anajaribu mita mia nne na anakuwa wa mwisho. Juzi alipita dirishani kwangu nikamwita.

"Rudi kwa mbio zako. Siku ile ilipimwa lami, si wewe."

Alinijibu kwa heshima, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, "Lakini abuya, ile karatasi iko na muhuri."