Shoka la Aune Kivelä

Nyumba ya Aune Kivelä haikuwahi kukanyaga ardhi. Ilikaa juu ya magogo ya mierezi yaliyofungwa kwa minyororo, nayo ikaelea hivyo miaka thelathini na sita, ikihamishwa kutoka ghuba hadi ghuba kila wakata miti walipohamia mlima mwingine. Humo alimzaa binti yake Raija. Humo alifuga kuku sita waliokufa bila kujua nyasi ni kitu gani, kisha akafuga wengine sita. Ukitaka kumuudhi, mwambie kwamba watu wenye akili hujenga nchi kavu. Angekujibu kwamba watu wa nchi kavu wakigombana na jirani huwa wamekwama naye mpaka kufa.

Katika pwani hii kila nyumba ina mgawanyo wake wa kazi, na ya akina Kivelä ilikuwa hivi: kitabu cha maji kilikuwa cha Aune, saa ya mkononi ilikuwa ya mumewe, Eino. Aune ndiye aliyesoma kitabu na kutangaza saa ambayo maji yangesimama kwenye milango ya bahari. Eino ndiye aliyeendesha boti kufika hapo kwa wakati. Eino hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia asubuhi, jibu ulipokee mchana. Lakini hakuwahi kuchelewa.

Pamoja na kitabu cha serikali, Aune alikuwa na daftari lake. Aliandika humo mwani umelala upande gani na saa ngapi, tai wangapi wametua, shakwe wamekaa mstari gani wa maji. Wanawake wenzake walimtania. "Aune anahesabu tai kama karani wa sensa," walisema, naye akawajibu kwamba tai angalau hawadanganyi umri wao.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyemtania nacho, nacho ni shoka. Kila mara nyumba yake ilipokokotwa, Aune alikaa barazani mbele na shoka miguuni, kando ya kamba. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake aliingia kwenye mlango mmoja wa bahari akikokota magogo, na ndugu wa baba huyo amesimama juu ya magogo hayo. Maji yakageuka. Magogo yakaenda upande wao, yakaivuta boti ubavu hadi ikapinduka. Ndugu alisalimika juu ya magogo. Boti ilipoopolewa, shoka la kukatia kamba lilikutwa limening'inia mahali pake, halijaguswa. Baba hakutaka kumwacha ndugu yake apelekwe na maji, na ndugu hakuwa na kitu cha kukatia upande wake. Tangu hapo Aune alijiapiza kwamba atakayepanda kwenye mzigo lazima awe na shoka lake.

Mlango huo wahamiaji wa Kifini wa pwani hii wanauita Kattila, yaani sufuria, kwa sababu hauachi kuchemka. Mara nne kwa siku maji husimama humo kwa dakika chache, na katika dakika hizo hata mtoto angepita na beseni. Ukikosa dakika hizo, usipite.

Mwaka 1974 walilazimika kupita tena. Mlima nyuma yao ulikuwa umenyolewa miti yote, na matope yalikuwa yameanza kuteremka hadi kwenye banda la kuku. Walipata ghuba nyingine upande wa pili wa Kattila.

Sasa, kitabu cha maji kina tabia yake. Huchapishwa kwa saa ya majira ya baridi kwa mwaka mzima. Mwisho wa Aprili, serikali inaposogeza saa mbele, kitabu hakisogei. Lazima wewe mwenyewe uongeze saa moja. Mwaka uliotangulia, Aune alisahau kuiongeza. Hakuna lililoharibika. Walifika Kattila mapema mno, wakangoja saa nzima na kuku wakiwakodolea macho. Eino hakusema neno. Aune angeona afadhali amtukane.

Maana tangu siku ile alianza kujichunguza. Aliikuta chumvi kwenye kopo la sukari. Alitafuta jina la mume wa dada yake siku mbili nzima. Mama yake alianza hivyohivyo, akamalizia kwa kumwita Aune kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa utotoni. Aune aliogopa. Hakumwambia mtu, lakini usiku alijitajia majina ya visiwa vyote kutoka kusini hadi kaskazini, na kisiwa kikichelewa kuja, alianza upya kutoka kusini.

Kwa hiyo safari hii alisoma kitabu mara tano. Kitabu kilisema saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Akaongeza saa moja, akaandika kwenye karatasi: saa nne na dakika arobaini. Karatasi akaibandika juu ya usukani wa boti yao, *Tyyne*. Kisha akarudi ndani, akalaza sahani katikati ya magodoro, akaizungushia saa ya ukutani blanketi na kuitia sandukuni, akazima jiko.

Asubuhi ilikuwa shwari. Alikaa barazani na shoka lake, akangoja. Akangoja sana.

"Mzee, mbona hatuondoki?"

"Bado," alijibu Eino kutoka botini.

"Bado nini? Hiyo kahawa ni kikombe cha ngapi?"

"Saa ninayo mimi, mama. Wewe shika shoka lako."

Aune akalishika. Mtu aliyekosea jana hana ubavu wa kubishana leo. Aliona jua limepanda kuliko alivyotarajia, akajiambia kwamba labda hata jua sasa amesahau kulisoma.

Walipoondoka, *Tyyne* ilitangulia na nyumba ikafuata nyuma kwa urefu wa kamba, taratibu kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Walitumia saa mbili kufika mdomo wa Kattila. Kuta za mawe zilisogea karibu kushoto na kulia, na sauti ya injini ikaanza kurudi kutoka kwenye mawe.

Kitu cha kwanza Aune alichoona ni tai. Maji yanaposimama, tai hukaa mitini wakijikuna. Mkondo ukianza kuingia, huteremka, kwa sababu maji huwasukuma juu samaki wa kilindini kwa kasi mpaka vifuko vyao vya hewa vinavimba na wanaelea hoi. Leo tai kumi na mmoja walikuwa tayari majini, wakidaka samaki na kupanda, wakidaka na kupanda.

Akageuza macho kwenye mwani. Mwani wa pwani hii ni mrefu kuliko mnazi, na kichwa chake ni kama kitunguu kinachoelea. Maji yakitulia, vichwa husimama wima. Vichwa hivi vilikuwa vimelala, vyote vimeelekea ndani ya Kattila, na vingine vilikuwa vimekwisha kuzamishwa.

Maji yalikuwa yamegeuka zamani, tena si kwa dakika tano. Na wazo la kwanza lililomjia Aune halikuwa hatari wala nyumba. Lilikuwa hili: nimesahau tena.

Alichukua sufuria aliyoiweka barazani kwa ajili ya kumwita Eino, akaigonga kwa kichwa cha shoka kwa nguvu zake zote. Eino akageuka. Aune akaonyesha mwani, akaonyesha tai. Hata kutoka mbali aliona uso wa mumewe ukibadilika.

Lakini nyumba haina breki. Eino alikata usukani kuelekea ufukweni na kuipa injini yote iliyokuwa nayo. *Tyyne* ikakaza upande mmoja, nyumba ikashikwa na mkondo na kuchepuka upande wa pili. Kamba iliyokuwa ikitoka tezi, nyuma ya boti, ikasogea, ikasogea, mpaka ikawa inavuta ubavuni. Boti ikalala. Maji yakapanda hadi ukingo wa sitaha, yakaanza kumwagika ndani.

"Kata!" alipiga kelele Aune. "Eino, kata!"

Eino alikuwa ametoka mlangoni mwa chumba cha usukani, ameshikilia nguzo. Shoka lake lilining'inia kando ya bega lake. Akalitazama. Akamtazama Aune, peke yake kwenye baraza la nyumba inayoelekea kwenye mashimo ya maji. Akatikisa kichwa.

"Kata, mjinga wewe!"

"Na wewe je?"

"Mimi nina nyumba!"

Hakusogea. Aune alimjua mwanamume huyu miaka thelathini na sita, akajua kwamba hatakata. Angesimama pale akimtazama mpaka boti imfunike, kama baba.

Alinyanyua shoka, lakini hakulishusha. Mbele, katikati ya Kattila, kuna kisiwa cha jiwe tupu. Kabla ya kisiwa ni mashimo, maji yanayozunguka yakimeza magogo mazima na kuyatema mbali. Baada ya kisiwa ni ukuta wa mwamba. Lakini nyuma tu ya kisiwa kuna mahali ambapo mkondo hujirudia, ukazunguka wenyewe polepole, na mpaka wake huonekana kwa jambo moja: shakwe hukaa juu yake kwa mstari, wakiokota samaki waliochoka. Aliwaandika shakwe hao daftarini mara mia, bila kujua anawaandika kwa ajili gani.

Akatafuta shakwe. Sitaha ya *Tyyne* ilikuwa imezama nusu. Kila nukta aliyongoja Aune ilipunguza pumzi za Eino, naye alilijua hilo. Nyumba ilipita ukingo wa shimo la kwanza, ikayumba, na ndani sahani zikavunjika licha ya magodoro. Bado. Jiwe la kisiwa likawa kando yao. Bado, Mungu wangu, bado. Ndipo alipowaona, weupe, wamejipanga juu ya povu.

Akakata.

Kamba iliyokaza hivyo haihitaji nguvu. Pigo la pili halikuwa limefika vizuri, nayo ikakatika kwa mlio kama wa bunduki na kupita juu ya kichwa chake. *Tyyne* ikainuka, ikatikisika, ikatapika maji pande zote mbili. Nyumba ikageuka, pembe yake ikagonga jiwe, na banda la kuku likang'oka na kwenda zake. Kisha kelele zikapungua. Nyumba ilikuwa imevuka mstari wa shakwe, nao wakaruka wakilalamika kama wapangaji waliofukuzwa.

Humo Aune alizunguka kwa muda wa saa tano. Alizunguka pamoja na magogo, povu, na sili mmoja aliyemtazama kila duru kwa mshangao uleule. Kuku wanne walikuwa juu ya paa. *Tyyne* aliiona mbali kidogo, imejificha kwenye kona ya mwamba, na moshi mwembamba ukitoka kwenye dohani yake. Alipouona moshi huo, alikaa sakafuni.

Kisha akainuka, akaingia ndani, akafungua sanduku. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea ndani ya blanketi: saa sita na robo. Akafungua kitabu. Saa tatu na dakika arobaini. Akafungua daftari lake, na pale, kwa mwandiko wake mwenyewe: nimeongeza moja, saa nne na dakika arobaini.

Hakuwa amesahau.

Alifurahi. Nasema wazi, alifurahi kama msichana, mwanamke mwenye miaka sitini na moja aliyenusurika kuwa mjane, akacheka peke yake katikati ya sahani zilizovunjika. Kisha akahesabu tena. Kwenye mdomo wa Kattila walifika karibu na saa tano na dakika arobaini. Saa moja zaidi, kamili. Saa moja kamili haitokani na kahawa. Akaacha kucheka.

Maji yaliposimama tena, alasiri, *Tyyne* ilikuja juu ya bahari iliyotulia kama chai kwenye kisahani. Eino alirusha kamba, akapanda barazani. Alikuwa amelowa, na midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Uliongeza," alisema Aune.

Eino alitazama viatu vyake. "Nilidhani umesahau. Kama mwaka jana."

"Mdomo unao. Ungeniuliza!"

"Mwaka mzima nakusikia usiku ukitaja visiwa." Kwa Eino hayo yalikuwa maneno ya wiki nzima, lakini aliendelea. "Nikasema, hiyo saa moja nitaibeba mimi. Asijue."

Aune alimpiga ngumi ya kifua. Kisha ule mkono ukabaki palepale kifuani, hakuweza kuuondoa.

"Na shoka lako? Mbona hukulitumia?"

"Sikuliona."

Aune alitazama botini. Shoka lilining'inia kando ya mlango, usawa wa macho, na mpini wake Eino mwenyewe aliupaka rangi nyekundu. Akalitazama mpaka machozi yakamshuka, akayaacha yashuke.

Kwenye vichwa vya mwani, vilivyosimama wima, jani moja lilianza kuegemea upande.

"Saa kumi na moja kasoro dakika mbili mkondo unageuka," alisema, akajifuta uso kwa kiganja. "Nimeshaongeza."

"Nimesikia," alisema Eino, akainama, akafunga kamba.