Kumsomea Koko Mji Ukipigwa

Katika nyumba yetu, hakuna aliyeinuka wakati kitabu cha dua kinasomwa. Hata lituma, ndizi zetu za kuponda, ipoe, hata mgeni abishe hodi. Wote tulingoja msomaji atamke amina ya mwisho. Desturi hiyo bibi yetu, ambaye tulimwita koko, aliitoa kwa baba yake, aliyekinakili kitabu chenyewe kwa mkono. Macho ya koko yalipofifia, akanikabidhi kazi ya kumsomea kila alasiri. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na niliiona kama heshima ndogo kwa mzee, basi.

Kisha majeshi mawili ya kigeni yakaanza kupigania mji wetu.

Bomu la kwanza lilipoanguka upande wa mto, koko alijifunga kitenge cha kutokea. Kwake havikuwa vita vipya. Katika uasi uliofuata uhuru, mwanawe wa kwanza alivuka mto kwenda Lubunga kutafuta samaki, risasi zikalia, asirudi. Tangu hapo kila mlio wa bunduki ulikuwa wa siku ile, na mtoto alikuwa bado ng'ambo, akingoja kuitwa.

"Muniache niende ku mto. Mutoto iko ngambo, nitamuita."

Mama, binti yake, aliyelala kifudifudi sakafuni, alimshika mguu. "Mama, watakuua!"

"Siku ile weye ulikuwa unalilia uji. Unajua nini?" Akamsukuma kwa fimbo.

Nikafungua kitabu, nikasoma kwa sauti. Haikuwa hila, ilikuwa hofu. Koko, mkono tayari kwenye komeo, alisita, akarudi, akaketi mkekani. Desturi ilimzuia pale mikono yetu iliposhindwa.

Mabati yalitetemeka juu yetu. Nilipofika mwisho, ulimi uliozoea ukatamka amina kabla sijafikiri. Koko akainuka papo hapo.

"Soma tena!" mama akafoka. "Unanyamaza juu ya nini?"

Nilianza upya. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu, nikavuka mbili pamoja bila kujua. Mlango ulikwisha kufunguliwa. Harufu ya baruti ikaingia.

"Umeruka," alisema koko bila kugeuka. "Rudia. Baba yangu hakuandikia panya."

Nikarudia. Akafunga mlango ili anisikie vizuri.

Watu husema kumsomea mzee ni kumliwaza. Huenda. Lakini yule niliyemsomea hakuliwazika. Alisimamia, alikumbuka, alisahihisha, na kwa muda ule kazi yake ilikuwa hapa, si katika mwaka mwingine ambao hakuna aliyeweza kumfuata. Sijui kama mkono wa daktari ungemrudisha kwa namna hiyo.

Nilipokaribia mwisho tena, niliruka dua nzima.

"Hiyo nayo umeruka," alisema. Kombora likapita juu ya paa, likapasuka mbali kidogo. Hakushtuka. "Na hiyo umefanya makusudi."

Nikafunua kurasa kurudi nyuma, kama nilivyotaka aniambie. Alikaa na fimbo mapajani, uso ukielekea mlangoni.

"Yeye kule ngambo atangoja?" aliuliza taratibu.

Mama alijivuta sakafuni hadi miguuni pake. "Atangoja, mama. Anajua weye uko."

Koko akalegeza fundo la kitenge, akakitandaza juu ya kichwa cha mama, kana kwamba kitambaa kingezuia chuma.

"Bon, haya," akaniambia. "Soma. Lakini polepole, usifike mwisho upesi."